Makala za sayansi: tuchaguliwe na mtu au tujitafutie?

Mwanzisha mada: Wanajamvi, kuna utaratibu uliokufa ambao ninaulilia. Waandishi wa blogu za sayansi walipokezana zamu: kila baada ya majuma mawili mmoja alikusanya makala za wenzake, akazisoma na kuziwekea maelezo mafupi. Mkusanyiko mmojawapo wa namna hiyo, Tangled Bank, ulianza 2004, na jina lake lilitokana na aya ya mwisho ya kitabu cha Darwin cha 1859 kuhusu mageuko ya viumbe. Ni kwa njia hiyo nilisoma habari za kuvu anayemwingia sisimizi, akamfanya apande mmea, aume jani na kufia hapo. Ningeitafutaje habari ambayo sikujua kwamba ipo?

Mpima Mizani: Mkusanyaji hakuchagua, aliona haya kuwakatalia wenzake, kwa hiyo nzuri na hafifu zilipita pamoja. Mimi natafuta mwenyewe. Tena makala nzuri haihitaji mpambe, hujitangaza.

Mwalimu wa Fizikia: Hujitangaza? Makala ya 1866 ya Mendel, mtafiti wa urithi wa sifa katika njegere, ilikaa bila kutiliwa maanani hadi 1900, naye alikwishafariki 1884. Na Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Tanzania aliyeona mchanganyiko wa moto wa aiskrimu ukiganda kabla ya uliopoa, alichekwa darasani. Kama Dk. Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam, asingelichukua swali lake na kulipeleka maabara, makala yao ya 1969 ingetoka wapi?

Mpima Mizani: Mwalimu, hayo aliyoyaona Mpemba hayajathibitishwa. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walirudia majaribio hayo huko Uingereza, wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha.

Mwalimu wa Fizikia: Ndugu yangu, umenigusa pabaya. Sikusema maji ya moto huganda kwanza kila mara. Hata mahali kipimajoto kinapowekwa ndani ya chombo huweza kubadili jibu. Nilisema swali la kijana lilihitaji mtu mzima wa kulisikiliza.

Binti Salma: Kaka Mpima, samahani, utafiti huo wa 2016 uliutafuta mwenyewe, au uliletewa?

Mpima Mizani: Niliupata kwa rafiki, dada, sitaficha. Lakini aliniletea huo mmoja, akijua ninachokipenda. Hakunirundikia thelathini ili kila mwandishi aridhike.

Mwanzisha mada: Basi tuseme makala zisizidi tano, na mwenye zamu aruhusiwe kukataa. Nani ataanza?