Tupeane uzoefu: ulimpimaje muuzaji wa mtandaoni usiyemjua, na sifa zake zilikuwa za kweli?

Mwanzisha mada, Songea

Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi ni fundi wa nguo hapa Songea, na kwa miezi miwili nimekuwa nikitafuta cherehani ya ovaloki iliyotumika. Nimeiona kwenye ukurasa mmoja wa Instagram unaojitambulisha kuwa ni duka la Kariakoo. Bei yake ni shilingi 650,000, pungufu kwa kama shilingi 150,000 kuliko ninavyoona kwingine, wafuasi wamezidi 40,000, na chini ya kila picha wateja wanashukuru kwamba mzigo umefika salama. Ipo hata picha ya mwenye duka amesimama mlangoni pake, amekunja mikono kifuani, na nikiri kwamba picha hiyo ndiyo iliyonituliza moyo kuliko maneno yote. Ninatakiwa kutuma fedha yote kwanza, ndipo mashine ipakiwe kwenye basi.

Sijatuma. Nawaomba wale waliowahi kununua au kuuza kwa njia hii watusimulie kilichowatokea, maana ushauri wa kuwa makini tunao wa kutosha. Ni jambo gani lililokufanya umwamini muuzaji, na baadaye lilithibitika au lilikusaliti?

Mchangiaji, Mwanza

Fundi, mimi nilipoteza fedha ya simu mwaka 2022, na nilichokiamini ni hayo hayo maoni ya wateja. Baada ya kutapeliwa nilikaa nikayasoma moja baada ya jingine, kazi ambayo ningeifanya kabla ya kutuma ingenigharimu nusu saa tu. Chini ya picha ile yalikuwepo maoni kama sitini, na zaidi ya nusu yaliandikwa ndani ya siku mbili. Hakuna hata mmoja aliyetaja alinunua simu ya aina gani, alikuwa mkoa gani, au mzigo ulimchukua siku ngapi. Maneno "mzigo umefika bosi, Mungu akubariki" nilikuja kuyakuta chini ya picha ya viatu, chini ya picha ya jokofu na chini ya picha ya simu, yameandikwa na akaunti ile ile. Nilipofungua akaunti za wale washukuruji, nyingi hazikuwa na picha hata moja.

Tangu siku hiyo nimejifunza kwamba mtu aliyenunua kitu kweli hulalamika kidogo hata akiwa ameridhika. Atasema boksi lilibonyea, au kondakta hakupokea simu, au rangi imekuja tofauti kidogo na ya pichani. Sasa nikiona sifa tupu kuanzia juu hadi chini, naanza kutilia shaka.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi, kwa sababu nililiona nikalifumbia macho. Nilipokuwa natuma fedha, jina lililotokea kabla ya kuweka namba ya siri lilikuwa la mtu mwingine kabisa, si la duka wala la kijana niliyekuwa naongea naye. Nilimpigia, akanijibu bila kusita kwamba hilo ni jina la mhasibu. Duka la kuuza simu mojamoja, lenye mhasibu! Nikaweka namba ya siri.

Mchangiaji, Mombasa

Kaka wa Songea, mimi naongea nikiwa upande wa pili wa meza, kwani nauza madira na mabuibui mtandaoni tangu mwaka 2019. Nitasema ukweli hata kama unaniaibisha. Nilipoanza, maoni kumi ya mwanzo kwenye ukurasa wangu yaliandikwa na dada zangu wawili, mashoga zangu na wifi yangu mmoja ambaye hajawahi kuvaa dira langu hata siku moja. Sikuwa na nia ya kumdhulumu mtu. Mgeni hanunui kwa asiye na wateja, na wateja huwapati mpaka mgeni mmoja anunue.

Baadaye alinijia kijana akiuza huduma kamili: wafuasi, pongezi, na zile picha za mazungumzo ya WhatsApp ambazo wauzaji huzibandika kama ushahidi. Alinionyesha zinavyotengenezwa. Mtu huwa na simu mbili, moja ya "duka" na moja ya "mteja". Namba ya pili huhifadhiwa kwa jina lolote, kama Mama Salma au Bi Rehema, kisha mtu huyo huyo huuliza na kujibu, akashukuru, akapiga picha ya skrini. Kazi inachukua dakika tano. Picha ya mazungumzo, basi, haishuhudii chochote isipokuwa kwamba mwenye ukurasa ana simu mbili.

Ukitaka kumpima muuzaji kama mimi, niombe kitu ambacho kwangu ni chepesi na kwa tapeli ni kizito. Niambie nichukue video sasa hivi ya nguo ile ile, niigeuze upande wa ndani uone mshono, na niweke juu yake karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Mimi nguo ninayo dukani, nitakutumia kabla chai haijapoa. Asiyekuwa nayo ataanza kukuambia kamera yake ina tatizo, au atakasirika kwamba humwamini. Hasira hizo ziangalie sana, kwani mimi huulizwa maswali ya kuchosha kila siku na sijawahi kumfukuza mteja kwa kuuliza.

Mchangiaji, Zanzibar

Mimi sina kisa cha kusimulia, kwa sababu hulipa mzigo ukiwa mkononi, na asiyekubali huachana naye. Nimekosa vitu vingi vizuri kwa msimamo huu, lakini sijalia.

Mchangiaji, Minneapolis

Huku Marekani nilipata jambo la kushangaza. Mwaka 2020 nilipokea bahasha yenye pete ya bei rahisi ambayo sikuiagiza, ikiwa na jina langu na anwani yangu sahihi. Ulikuwa ni mwaka ule ule ambao watu wengi huku walipokea pakiti za mbegu kutoka China wasizoziagiza, mpaka Wizara ya Kilimo ikatoa tahadhari watu wasizipande, na ikaeleza kwamba kilichoonekana ni ujanja wa wauzaji. Muuzaji hutuma kitu cha senti chache kwenye anwani ya mtu halisi ili mfumo uandike kwamba bidhaa imenunuliwa na imefika, kisha yeye mwenyewe hujiandikia sifa kwa akaunti aliyoifungua, nayo huwekewa alama ya mnunuzi aliyethibitishwa. Kwa hiyo huenda mahali fulani nimeisifia pete ile kwa nyota tano. Tangu Oktoba 2024 kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho inakataza waziwazi kuuza na kununua maoni ya uongo, lakini muuzaji aliye nje ya nchi, anayebadilisha jina kila mwezi, ni shida kumfikia.

Mchangiaji, Nairobi

Nimefurahi dada wa Mombasa alivyofungua moyo, na ninapenda kuongeza jambo moja: nani ana uwezo wa kuzifuta sifa hizo? eBay, kampuni ya soko la mtandaoni iliyoanzishwa mwaka 1995, iliweka utaratibu wa mnunuzi na muuzaji kupimana mwaka uliofuata, kwa sababu watu wawili wasiojuana walikuwa wanatumiana fedha na bidhaa kwa imani tupu. Baada ya muda ikaonekana kwamba wanunuzi waliodhulumiwa walinyamaza wakihofia muuzaji atawalipizia kwa kuwapa alama mbaya, na mwaka 2008 kampuni ikaondoa uwezo wa muuzaji kumpa mnunuzi alama mbaya. Sasa linganisha na ukurasa wa Instagram, ambapo mwenye ukurasa anaweza kufuta maoni, kukufungia usiuone tena, au kuzima maoni yote. Ukuta ni wake na kifutio ni chake, halafu sisi tunasoma kilichobaki na kukiita ushahidi.

Nami nina kisa, ingawa si cha hasara kubwa. Nilikuta kompyuta ya mkononi kwa bei nzuri, na muuzaji alitaka nusu ya fedha kwanza. Nikaingia kwenye sehemu ya "kuhusu akaunti hii", ambako Instagram huonyesha akaunti ilifunguliwa lini na kama imewahi kubadilisha jina, nikakuta imebadilishwa jina mara kadhaa. Maana yake wafuasi wale walikusanywa kwa jambo jingine, na huenda ukurasa uliuzwa pamoja nao. Nikakataa kutuma, nikamwambia tukutane mahali penye watu. Alikuja, lakini na kompyuta nyingine ya zamani zaidi. Nilipoteza nauli tu.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Nimewasoma wote na nakubaliana nanyi, lakini kisa changu kinawapita. Mimi nilitapeliwa na mtu ambaye sifa zake zote zilikuwa za kweli, na mojawapo niliiandika mimi.

Alikuwa anakusanya oda za pamoja za kuagiza bidhaa China. Mara ya kwanza niliagiza vyombo vya shilingi 40,000, vikafika mapema kuliko alivyosema. Mara ya pili mapazia, mara ya tatu viti vya watoto, na kila mara alitutumia picha za mzigo na namba ya kontena. Tulikuwa zaidi ya mia mbili kwenye kundi lake, watu halisi, baadhi yetu tunaabudu pamoja, na kila mgeni aliyeuliza kama huyu dada anaaminika tulimjibu kwa pamoja kwamba ni mwaminifu. Hakuhitaji kulipa mtu yeyote atoe ushuhuda. Kisha akatangaza oda ya majokofu na televisheni kwa bei ya punguzo la mwisho wa mwaka, akatoa siku nne tu, na akasema safari hii italipwa yote kabla. Nikatuma shilingi 900,000. Wiki ya tatu kundi lilifungwa asiweze kuandika mtu mwingine isipokuwa yeye, na wiki ya tano namba yake haikupatikana.

Nimejiuliza mara nyingi kama alikusudia tangu vile vyombo vya kwanza, au biashara ilimshinda katikati akachukua kilichokuwa mkononi. Sijui, na kwa mfuko wangu hakuna tofauti. Ila ninapopima sasa, siulizi tena kama watu walipata mizigo yao, nauliza walipata mizigo ya shilingi ngapi. Uaminifu wa shilingi 40,000 haunipi dhamana ya 900,000. Na masharti yakibadilika ghafla, bei ikashuka na muda ukafupishwa kwa wakati mmoja, naona ni mtu mpya hata kama jina ni lile lile. Namba yake niliiripoti kwa 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu hapa Tanzania, lakini fedha haikurudi.

Mwanzisha mada, Songea

Ndugu zangu, narudi kuwapa mrejesho kama nilivyoahidiana na nafsi yangu. Kwanza nilimwomba muuzaji ile video yenye karatasi ya jina langu na tarehe. Alijibu kwamba mashine imeshafungwa tayari kwa kusafirishwa. Nikamwomba jina la jengo na ghorofa, akanipa bila wasiwasi, na hapo nikakaribia kutuma.

Nilimpigia mpwa wangu anayesoma Dar es Salaam, akaenda Jumatano. Jengo lipo, duka lipo, na mashine zipo zimepangwa kama kwenye picha. Mwenye duka alimsikiliza, akamwambia kwamba yeye hana ukurasa wowote wa mtandaoni na hajui namba ile ni ya nani, ila kijana huyo alikuwa mtu wa tatu mwezi huu kuja kuuliza ovaloki ya shilingi 650,000. Yake anaiuza 780,000. Tumeilipia pale pale, na Jumamosi nimeipokea stendi ikiwa nzima, isipokuwa kanyagio limekwaruzika.

Kabla mpwa wangu hajaondoka, mzee yule aliomba aonyeshwe ukurasa wenyewe. Aliushusha taratibu kwa kidole mpaka akafika kwenye ile picha iliyonituliza moyo, akajikuta yeye mwenyewe amesimama mlangoni pake, amekunja mikono.