Kaweka kikombe juu ya bustani yetu. KIKOMBE.

Mfuatiliaji Sugu (mleta uzi)

Wakuu, naandika mikono ikitetemeka, herufi zikiruka mtanisamehe. Mods msiunganishe uzi huu na ule wa vumbi, hili ni jambo lingine kabisa.

Nimetoka sasa hivi kwenye kikao cha kuonyeshwa michoro mipya ya mradi wa minara hapa kwetu, ule wa nyumba, ofisi na maduka pamoja. Yule jamaa anayetuonyesha mnamjua, msinilazimishe nimtaje. Yule wa miwani juu ya kichwa kama vile utosi ndio unaosoma. Yule anayesema "dira" mara tatu kabla hajakalia kiti.

Yule jamaa kaweka kikombe chake juu ya bustani.

Sio bustani yenyewe, hiyo bado ni magugu na uzio wa mabati. Bustani ya kwenye modeli. Pale mezani wameweka mfano mdogo wa mradi mzima, minara ya plastiki, vimti vya sponji, vijitu vyenye ukubwa wa kiberiti kilichowaka kikaisha. Nikauliza swali moja, kwa adabu, mkono juu kama mwanafunzi: "Samahani, kwenye toleo la nne la michoro bustani ilifika hadi barabarani. Kwenye hili imekuwa pembetatu. Iliyobaki imekwenda wapi?"

Akanitazama. Akatabasamu. Akashusha kikombe kinafuka moshi, TAP, katikati ya pembetatu, akasema: "Hizi ni picha za kielelezo tu, ndugu yangu."

Chini ya kikombe kulikuwa na vijitu vitatu. Kimoja ni mtoto ameshika puto.

Miaka sita nafuatilia mradi huu. Nina faili. Mke wangu analiita faili hilo mke mwenzake. Toleo la kwanza lilikuwa na maktaba. La pili maktaba ikawa "kituo cha jamii". La tatu kituo cha jamii kikawa "nafasi inayobadilika". La tano nafasi ikabadilika kweli, ikawa gym ya kulipia. Nyumba za bei nafuu zinapungua kila toleo kama sabuni ya bafuni, na jibu ni lile lile, "tumepiga hesabu upya, mradi haulipi". Ila minara inarefuka! Hiyo hesabu inayopata hasara kwenye nyumba za wanyonge peke yake ilifundishwa shule gani?

Tuliambiwa mradi wa matumizi mchanganyiko, utalala juu, utafanya kazi katikati, utanunua chini. Mpaka leo kilichochanganywa ni akili yangu.

Nikasubiri akitoe kikombe. Nusu saa nzima nakitazama kikombe, dira sikuisikia tena. Alipokitoa kimeacha duara la kahawa juu ya nyasi. Mzee mmoja wa nyuma akauliza, "Hilo ni bwawa?"

Jamaa hata hakupepesa: "Tunalifikiria."

---

Ngazi za Nyuma

Naweka kambi hapa. Tiririka mkuu.

---

KifusiMkuu

Uzi bila picha ya kikombe ni uzushi.

---

Tofali la Pili

Miaka sita unafuatilia michoro? Mkuu kuna watu ndani ya miaka sita wameoa, wameachana na wamerudiana. Wewe una faili.

---

Mama Roshani

Huyo huyo! Mwaka jana nilimuuliza kivuli cha mnara mrefu kitaangukia wapi, maana mimi naanika nguo upande ule. Akanifungulia mchoro wa vivuli kwa mbwembwe zote. Kuangalia vizuri, ni wa saa sita mchana, siku ambayo jua lipo juu kabisa. Saa sita mchana hata mimi sina kivuli! Nikaomba wa saa kumi na moja jioni, akasema upo kwenye kiambatisho. Kiambatisho kipo wapi? Kinaandaliwa.

---

Mfuatiliaji Sugu

@Tofali la Pili faili limenisaidia kujua kuwa bustani imekatwa. Wewe umejuaje? Kwa kuambiwa na mimi.

@Mama Roshani asante sana. Sasa fikiria huyo huyo, mkono ule ule uliofungua mchoro wa vivuli, ndio ulioshika kikombe.

---

Bwana Mizani

Mleta uzi ana hoja ila hajui asili yake. Kuchanganya matumizi si jambo jipya, kutenganisha ndiko kulikoletwa. Miji ya kale watu walilala juu ya maduka yao bila kuhitaji mshauri mwelekezi. New York iliweka sheria ya kugawa kanda mwaka 1916, kisha 1926 Mahakama Kuu ya Marekani ikabariki utaratibu huo katika kesi ya kijiji cha Euclid, Ohio. Tangu hapo nyumba huku, duka kule, kiwanda kule mbali, na gari katikati ya vyote.

Jane Jacobs, mwandishi wa Marekani wa mambo ya miji, alilipinga hili mwaka 1961. Alitaka mtaa wenye shughuli zaidi ya moja ili watu watoke kwa saa tofauti na macho yasikosekane barabarani. Lakini alitaka pia majengo ya umri tofauti, na hapo ndipo miradi hii inapochemsha. Kila kitu kinazaliwa siku moja, kodi ya kila fremu ni ya jengo jipya, fundi viatu anaipitia kwa mbali. Wanachora mtaa wenye uhai halafu wanaupangisha kwa bei ya maiti tajiri.

---

Tofali la Pili

Mkuu tunajadili kikombe, umetuletea 1916.

---

KifusiMkuu

"Bei ya maiti tajiri" naiba hiyo.

---

Zamu ya Usiku

Mimi ni mlinzi kwenye mradi wa aina hiyo uliokwisha, sitasema upi. Ndugu yangu, shukuru bustani imefunikwa na kikombe. Ikijengwa itafunikwa na mimi. Nimepewa orodha: hakuna kulala kwenye benchi, hakuna mpira, hakuna kupiga picha kwa kamera kubwa, hakuna "mikusanyiko". Watoto watatu wakikaa pamoja natakiwa niamue kama ni mkusanyiko. Kwenye michoro iliandikwa uwanja wa umma. Umma wenyewe ndio mimi na redio yangu.

Kinachotakiwa muulizie ni kimoja: kwenye kibali imeandikwa iwe wazi saa ngapi? Zuccotti Park ya New York ni mali ya kampuni binafsi, ilitengwa ile miaka ya 60 ili jengo la pembeni liruhusiwe kuongezwa ukubwa, na sharti lilikuwa iwe wazi saa 24. Ndiyo maana waandamanaji wa 2011, wale wa Occupy Wall Street waliopinga mabenki makubwa, waliweza kulala pale wiki kadhaa, wakati bustani za jiji zinafungwa usiku. Sentensi moja kwenye kibali. Picha ya mtoto na puto haimfungi mtu.

---

Mfuatiliaji Sugu

Mtoto na puto ndiye aliyekaliwa na KIKOMBE, Zamu. Ndiye huyo huyo.

---

Kalamu ya Mchoraji

Mimi ndiye huwa nachora hizo picha. Sio za mradi huu, kabla hamjaja na mapanga. Puto tunaweka kujaza mahali palipopwaya. Ukiona maputo mengi jua mwenye mradi hajaamua pale paweje. Ukiona ndege wanaruka, mbunifu naye hajaamua.

Na miti ya kwenye roshani, msiitegemee. Ile minara miwili ya Milano, Bosco Verticale ya mwaka 2014, miti ipo kweli, lakini sakafu za roshani zilipigiwa hesabu za uzito wa udongo tangu mwanzo, miti ikapimwa kwenye handaki la upepo, na wapogoaji hushuka kwa kamba kutoka paa. Hapa kwenu mimi naweka mti kwa kubofya mara moja, haunywi hata maji.

---

Mama Roshani

Kumbe mnatudanganya kwa kubofya.

---

Kalamu ya Mchoraji

Mara moja tu mama. Ikizidi natoza.

---

Nondo Kumi na Mbili

Nyie mnalilia bustani wakati maumivu yapo chini ya ardhi. Maegesho! Wanasema ofisi zitatumia mchana na wakazi watatumia usiku, kwa hiyo nafasi moja inahesabiwa mara mbili. Kwa karatasi inakubali. Sasa uwe na homa siku ya kazi, umebaki nyumbani, gari lako lipo: umekuwa mvamizi. Na nguzo ndio usiseme. Nguzo za maegesho zinataka kukaa kwa kufuata magari, za nyumba zinataka kufuata vyumba, hazikutani. Usipojenga boriti nene za kuhamisha mzigo katikati, nguzo inatua sebuleni. Binamu yangu anakula chakula na nguzo. Wamempa jina.

---

Tofali la Pili

Hapo sasa tumefika kwenye mada. Inaitwaje hiyo nguzo?

---

Nondo Kumi na Mbili

Shemeji.

---

Mfuatiliaji Sugu

Wakuu naomba turudi. Alikishusha kwa kuangalia. Hakuwa amesahau kwamba pale ni bustani. Alitazama, akalenga, TAP.

---

Ngazi za Nyuma

Mkuu kilikuwa na sahani ya chini au hakikuwa nayo? Hii inabadilisha kesi.

---

Mfuatiliaji Sugu

HAKIKUWA NAYO.

---

Ngazi za Nyuma

Basi huyo ni mtu mbaya.

---

Subira Haivuti

Miaka sita ni mingi? Kituo cha umeme cha Battersea kule London kilizimwa mwaka 1983, kikafunguliwa kama maduka, ofisi na nyumba mwaka 2022. Wamepita wenye mradi chungu nzima, kila mmoja na modeli yake. Roppongi Hills ya Tokyo imefunguliwa 2003 baada ya miaka 17 ya kubembelezana na wenye ardhi mmoja mmoja. Faili la wenzako lina wajukuu.

Ushauri wa bure: angalia awamu. Bustani siku zote huwekwa awamu ya mwisho, na awamu ya mwisho siku zote ndiyo hela inapokwisha. Pambaneni iandikwe kwamba wakazi wa mnara wa pili hawahamii mpaka bustani iwe imefunguliwa. Kikombe mwachie anywe.

---

Jirani wa Ghorofa ya Tatu

Samahani kwa kuingilia, ila mimi NAISHI kwenye matumizi mchanganyiko. Chini yangu ni mgahawa. Bomba la kutoa moshi wa jikoni lilitakiwa kupanda hadi juu ya paa, kama inavyotakiwa. Fremu ilichorwa kama duka la nguo, kwa hiyo bomba halikuwekewa njia. Baadaye mpangaji akawa mgahawa, bomba likatokezwa ukutani, futi chache chini ya dirisha langu. Shati langu la kazini linanukia vitunguu. Bosi ananiuliza kama nina kazi ya pili.

Na gari la mizigo linashusha saa kumi usiku. Linarudi nyuma likilia pii, pii, pii. Mtoto wangu neno lake la kwanza lilikuwa pii.

---

Nondo Kumi na Mbili

Bora wewe unanukia vitunguu. Sisi chini ni saluni.

---

Mama Roshani

Sisi lifti moja na ofisi. Saa mbili asubuhi nashuka na ndoo ya taka kati ya watu wa suti. Wananiangalia kama nimekuja kwenye usaili.

---

Zamu ya Usiku

Afadhali lifti moja mama. Wengine wanajengewa mlango wa mbele wa waliolipa sana na wa uchochoroni wa nyumba nafuu. New York walipiga marufuku mwaka 2015 baada ya watu kuchachamaa.

---

Jirani wa Ghorofa ya Tatu

Lifti yenu inafanya kazi?

---

Mama Roshani

Jumanne na Ijumaa.

---

Mfuatiliaji Sugu

Mrejesho: nimeandika barua ya pingamizi, kurasa nne. Kikombe nimekitaja aya ya kwanza, ya tatu na kwenye hitimisho. Nani anasaini pamoja nami?

---

KifusiMkuu

Hivi fremu za chini wameanza kupangisha? Natafuta ya kona, yenye mlango mpana.

---

Jirani wa Ghorofa ya Tatu

Ukipata usifungue mgahawa, nakuomba kwa magoti.

---

KifusiMkuu

Nataka kuuza samaki wa kukaanga.

---

Nondo Kumi na Mbili

Jirani, harufu ya vitunguu kwenye mapazia mnaitoaje? Siki au magadi?

---

Jirani wa Ghorofa ya Tatu

Siki. Loweka usiku kucha. Magadi yanaua rangi.