Nimemkuta anatupia maganda ya karanga kwenye pistoni YANGU halafu ananiambia nikanunue Toyota IST

Wakuu, habari za mchana. Kama kuna mtu humu ana undugu na huyu fundi aishie hapahapa asisome, maana leo sina breki.

Natoka gereji sasa hivi, naandika nikiwa kwenye bajaji, simu inarukaruka, maandishi mtanivumilia. Jina lake simtaji na sina haja ya kumtaja. Mwenye Subaru ya turbo yeyote Dar hii ukimwamsha saa nane usiku ukamuuliza fundi wa boksa, yaani hizi injini za Subaru, ni nani atakutajia huyohuyo, yule mwenye ovaroli ambayo ukiikamua unapata lita nne na nusu za oili, yule ambaye hawezi kumaliza sentensi bila kusema "hizi injini zinaniita baba". Mmeshamjua.

Nimefika saa nne asubuhi. Gari yangu wiki ya sita hii iko juu ya matofali, boneti wazi, kuku ameshataga kwenye siti ya nyuma. Yeye kakaa kwenye ndoo kivulini anakula karanga za kuchemsha. Nikampa shikamoo yake maana kwa umri ni kaka yangu mkubwa, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Anabangua, anakula, ganda anadumbukiza kwenye chuma fulani kilichokaa katikati ya miguu yake. Nikainama. Ni pistoni. Ameigeuza kichwa chini imekuwa kibakuli, maji ya karanga yanachuruzika kwenye tundu la pini. Na naijua ile pistoni, niliipiga picha mwenyewe siku alipoitoa, kati ya ringi ya kwanza na ya pili imemeguka kipande kama ukucha wa kidole gumba. Namba 4. YANGU.

Nikamwambia kaka, hiyo si pistoni yangu? Akadumbukiza ganda lingine. Akaniambia: "Kaka, hizi gari si za kila mtu. Nenda kanunue IST."

Mbele ya vijana wake sita. Mbele ya mama ntilie. Mbele ya jamaa mmoja mwenye Altezza aliyecheka mpaka akapaliwa.

Hii gari iliingia pale inatembea wakuu! Iliingia kwa ajili ya plagi na oili tu. Subaru Forester SG5 XT ya 2003, manyuo, injini EJ205 ya turbo, farasi 220, nimeagiza Japani mwenyewe, nimesubiri meli kama watu wanavyosubiri mahujaji, oili namwaga kila kilometa 5,000 sijawahi kupitisha, nikitoka mbio naiacha inanguruma dakika moja nzima turbo ipoe ndo nazima. Plagi ndo mnajua boksa ilivyo, silinda zimelala ubavu, mkono unaingia kati ya injini na chesisi ukitoka hauna ngozi, nikaona nimpelekee bingwa. Bingwa akaizunguka mara mbili akasema hii imelala, tuiamshe. Akang'oa ile valvu ya kiwandani inayorudisha hewa ndani akaweka inayomwaga nje ili ilie pshhh, akafunga na kikoki cha kupandisha busti, yaani presha ya hewa ya turbo, kutoka bar 0.8 kwenda 1.2, halafu akachomeka kidude kwenye soketi ya chini ya usukani, akashika simu yake, akakunja uso kama daktari wa moyo, dakika kumi, "tayari, nimeshairemapu", yaani eti kaandika upya ramani ya petroli na cheche kwenye kompyuta ya gari. Laki tatu na nusu. Nikalipa na asante nikasema.

Siku ya tisa napanda Kitonga naelekea Iringa, gia ya tatu, busti imejaa, nasikia kama mtu anatikisa kopo la changarawe kwenye boneti. Kabla sijaachia mguu moshi wa bluu nyuma umefunika basi zima, oili inarukia kwenye dipstiki. Brekidauni kutoka Kitonga mpaka Dar, hiyo hela msiniulize.

Na bado nilikuwa nimemvumilia. Nilikuja pale leo na moyo mweupe nimpe hela ya ringi na gasketi. Namkuta na karanga. Ndani ya pistoni. Hata angeweka sigara ningesema ni mazoea ya mafundi, lakini karanga za kuchemsha, zenye maji na chumvi, mtu anazidumbukiza ganda moja moja huku ananitazama usoni!

Sitaki ushauri. Nataka mjue tu. "Nenda kanunue IST." Mimi!

Tairi Bovu: Nimekaa siti ya mbele. Karanga alikukaribisha?

Mngurumo XT (mtoa mada): Hakunikaribisha hata moja.

Dada wa Sinza: HUYOHUYO. Sijasoma hata mpaka mwisho nimejua ni yeye. Impreza yangu alikaa nayo miezi minne anasema anasubiri taimingi belti kutoka Dubai. Mwezi wa tatu naangalia picha za harusi ya watu Bagamoyo, naona gari ya maharusi ina maua kwenye tundu la boneti, nikasema mbona ile rimu ya mbele kulia ina mkwaruzo kama wangu. Ni YANGU. Belti ikiwa hivyohivyo imechoka, na hizi injini za EJ belti ikikatika valvu zinagongana na pistoni zinapinda zote. Kampeleka bibi harusi kanisani juu ya bomu.

Kichwa Ngumu: Hahaha juu ya bomu. Ila mtoa mada na wewe, mtu kachomeka simu kwenye gari unampa laki tatu na nusu? Ningekuchajia simu yako ya mkononi ungenipa ngapi?

Mngurumo XT: Mkuu nilimwamini. Sote tulimwamini.

Kichwa Ngumu: Sote nani, mimi nina Hiace.

Mzee wa Boksa: Kijana pole sana. Nikueleze kilichokuua. Gari yako ina senza inayopima hewa mara tu inapopita kwenye filta. Kontroli boksi ikishahesabu hewa inamwaga petroli ya kiasi hichohicho. Sasa wewe ukiachia mguu ubadili gia, ile hewa iliyokwishahesabiwa inamwagwa nje, petroli inaendelea kuja ya hewa ambayo haipo tena, ndo ule moshi mweusi na mlipuko wa ekzosi mnaoushangilia. Valvu ya kiwandani ilikuwa inairudisha hewa ndani kwa sababu hiyo. Lakini hiyo peke yake haivunji pistoni. Kilichovunja ni busti. Umeongeza hewa, petroli na cheche ziko vilevile kama Japani walivyozipanga, na wao petroli yao ya juu inafika okteni 100. Joto likapanda, mchanganyiko ukaacha kuungua kwa utaratibu ukawa unalipuka, ndo changarawe ulizosikia. Pistoni za EJ205 ni za kumimina, si za kufuliwa, zikipigwa hivyo zinameguka hapohapo kati ya ringi. Na kile kidude cha kuunganisha na simu kinasoma kodi tu na kufuta taa ya injini. Hakuna ramani yoyote ilioandikwa humo.

Mngurumo XT: Mzee shikamoo. Kwa hiyo alikuwa anasoma tu?

Mzee wa Boksa: Marahaba. Alikuwa anasoma tu.

Mngurumo XT: Dakika kumi amekunja uso ANASOMA TU. Na leo karanga.

Kijana wa Ilala: Afadhali wewe umeharibiwa injini moja. Mimi nimenunua turbo mtumba, ndani ya siku nne zimekufa mbili. Ya kwanza walikuwa wameipuliza rangi ya fedha mpaka ndani ya konokono, lile ganda la turbo, inang'aa kama sufuria ya harusi, nimeshika shafti nikatikisa, inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Nikarudisha. Wakanipa nyingine, hiyo nikaifunga vizuri kabisa, ikakauka. Kumbe kwenye bolti ya bomba la oili linaloenda kwenye turbo kuna kachujio kadogo kama kichwa cha kiberiti, kalikuwa kameziba na masizi ya oili, turbo haipati hata tone. Hakuna fundi aliyeniambia. Wanne wamepita.

Dada wa Sinza: Mimi kachujio hako yeye alikatoa akakatupa, akasema kanapunguza kasi.

Evo Damu: Ndo maana wenye akili tuko Mitsubishi. Injini yetu 4G63 bloku ni la chuma, si sufuria la aluminiamu kama lenu. Kuanzia Lancer Evo 1 ya 1992 mpaka Evo 9 injini ni hiyohiyo, haivunjiki kwa kupanda Kitonga.

Suba Asilia: Nilikuwa nakungoja. Safari Rally 1997 nani alishinda? Colin McRae, Impreza. 2000 nani? Richard Burns, Impreza. Asante kwa kushiriki.

Evo Damu: 1996 nani? Tommi Mäkinen, Lancer. 2001 nani? Mäkinen huyohuyo, Lancer. Na huyo Burns wako 1998 alishinda Safari akiwa na Mitsubishi, ndo baadaye mkamchukua. Hesabu mwenyewe.

Suba Asilia: 1998 ilikuwa Carisma, sio Lancer.

Evo Damu: Ina 4G63 ndani, iite hata Bajaji.

Babu Nakuru: Vijana nyinyi hamkuwepo. 1993 Patrick Njiru alimaliza Safari na Subaru Vivio, kagari ka cc 660, matope ya wakati huo yalikuwa yanameza Land Rover. Niliiona na macho yangu ikipita. Tulidhani ni mtoto amepotea njia.

Mwana IST: Samahani naomba kuuliza kwa heshima. Kwani IST imewakosea nini? Nina ya 2004, injini 1NZ, cc 1500, mwaka wa saba huu, nimebadilisha plagi na brekipedi. Kitonga nimepanda na familia na magunia mawili ya viazi. Mtu akiambiwa kanunue IST anasikia ametukanwa mama yake.

Mngurumo XT: Kaka sina ugomvi na IST. Ni vile alivyosema. Mdomo una karanga.

Mwana IST: Basi ungesema ugomvi wako ni karanga. Kichwa cha uzi umeweka IST kwa herufi kubwa.

Kichwa Ngumu: IST inaandikwa kwa herufi kubwa siku zote mkuu.

Mama Vitz: Tunadharauliwa sana sisi. Juzi mataa ya Mwenge kijana wa Subaru kanipigia resi pembeni pap pap pap mpaka mwanangu kaamka analia. Taa imewaka kijani, mimi nimeondoka, yeye kazima. Nilimpungia mkono.

Spana Kumi: Wote mnabishana vitu vidogo. Nina Toyota Chaser JZX100, injini 1JZ, silinda sita mstari mmoja, plagi ziko juu kama mishumaa ya keki, dakika ishirini nimemaliza. Japani wenyewe waliandika farasi 280 kwa sababu walikubaliana wasizidi hapo. Lakini sasa bushi za mbele zinanimaliza. Nimeweka za duka moja hapo Kariakoo zimekaa wiki mbili zimepasuka kama maandazi. Nani anajua zinapatikana wapi za ukweli?

Kijana wa Ilala: Bushi hata mimi zimenitesa. Wanakuuzia mpira wa kandambili.

Suba Asilia: Naona makubaliano ya 280 yameletwa. Hayo yalikufa 2004, Honda Legend ndo ilitoka na 300. Impreza STI ilikuwa imeandikwa 280 lakini ukipanda unajua wamekudanganya.

Evo Damu: Evo pia. Tena zaidi.

Mngurumo XT: Wakuu nimefika nyumbani. Nimempigia nimwambie nakuja kuchukua gari yangu kesho na pistoni zote nne, zimeoshwa. Unajua kanijibu nini? "Tatu ziko, moja nimempa mtoto wa mama ntilie anachezea."

Dada wa Sinza: Niliwaambia ni huyo.

Tairi Bovu: Mtoto kaikuta na karanga ndani au tupu?

Mngurumo XT: TAIRI BOVU.

Winga wa Rimu: Jamani kwa wenye Subaru humu nina rimu za inchi 17, tundu tano za bolti 5x100, nne zote, moja imechomelewa vizuri haionekani. Njoo PM.

Mwana IST: Zinaingia IST?

Winga wa Rimu: IST ni 4x100 kaka. Ila hizo pia ninazo, inchi 15.

Kijana wa Ilala: Hizo 17 ofseti ngapi?

Mngurumo XT: Wakuu huu uzi ni wa pistoni.

Winga wa Rimu: Ofseti 48.

Suba Asilia: Picha.