Mama ameanza kusahau na kaka ataka asaini pawa ya atoni, nifanyeje?

BintKuze: Asalam alaikum. Mamangu ana miaka 74, naishi naye mimi, nyumba iko kwa jina lake. Siku nyengine yuko sawa kabisa, atakuhesabia kodi ya mpangaji mpaka shilingi ya mwisho, siku nyengine aniita jina la dadake aliyekufa zamani. Kaka yuko Dubai ametuma kwa WhatsApp fomu ya pawa ya atoni, ya kumpa mamlaka juu ya mali ya mama, ati mama asaini haraka, yeye asimamie nyumba na benki, kuuza pia imo. Mama naye asema nyumba ni yangu manake mie ndo namuogesha, na akizidiwa hataki kuwekewa mipira ya hospitali mwilini. Naanzia wapi?

KakaWaLikoni: Aandike wasia nyumba iwe yako, mashahidi wawili, kazi kwisha. Huyo wa Dubai akija akute imeshaenda 😂

UstadhMdogo: Usimpoteze dada wa watu. Mrithi hausiwi mpaka warithi wengine waridhie mama akishafariki, na asiye mrithi hapiti thuluthi. Kama warithi ni nyinyi wawili tu, ni mafungu matatu, kaka mawili wewe moja. Mama akitaka kukupa basi ni hiba, yaani zawadi, akukabidhi kweli akiwa hai na akili zake, sio karatasi ya kufungiwa kabatini. Na akiitoa kwenye maradhi ya mauti itahesabiwa kama wasia, mumerudi palepale.

KaraniMstaafu: Hiyo fomu isisainiwe mwanangu. Pawa ya atoni hapa Kenya yafa siku akili ya mwenyewe inapoondoka, ikifika hapo ni kwenda kotini kuomba msimamizi wa mali kwa sheria ya afya ya akili, na hilo si la kadhi, kadhi ni ndoa, talaka, mirathi na mfano wa hayo. Kama bado aelewa, atafute wakili WAKE, sio wa kaka wala wako, amuandikie ya kiasi: pensheni, bili, kodi ya wapangaji. Kuuza itolewe. Halafu nikuulize, ardhi ni yenu?

BintKuze: Ardhi ni ya wakfu, twalipa kila mwezi.

KaraniMstaafu: Ehee! Basi mnagombania kuta na mabati, kiwanja cha wakfu hakiuziki. Mwambie kaka hilo kwanza, pengine haraka itampungua.

NesiChangamwe: Mumeisahau hiyo ya mipira. Sheria ya Afya ya 2017 kifungu cha 9 yamruhusu mgonjwa kumtaja mtu kwa maandishi amkubalie matibabu akiwa mwenyewe hajiwezi. Bila karatasi hiyo nimeona ndugu wakipigania kitandani mgonjwa anasikia. Aandike jina lako na asichokitaka, nakala iende kwenye faili lake. Na maumivu yakizidi siku za mbele kuna Coast Hospice, wao hutuliza maumivu ya wagonjwa mahututi, msingoje dakika ya mwisho.

BintKuze: Shukran nyote. Kaka nimemwambia haisainiwi, amenigombeza mpaka simu ikakatika. Jumanne ntampeleka kwa daktari kisha wakili, asubuhi ndo akili hutulia.

KaraniMstaafu: Vizuri. Daktari aandike kuwa amemuona siku hiyo na aelewa anachosaini, tena wewe ukae nje wakati mama anazungumza na wakili.