MJADALA: Mwandishi aje shuleni kutabiri mtihani ama kusoma insha za watoto?

Wadau, swali mliloleta hapa ni kama shule ziendelee kuwaalika waandishi ambao pia ni walimu, ama hiyo ni njia tu ya kuuza vitabu na kuwaongezea wazazi gharama. Wengi mmesema mwandishi abaki na kalamu yake na mwalimu abaki na darasa lake. Mimi napinga, tena sana, ila nakubali kuna kitu kimeharibika hapo katikati.

Kilichoharibika ni makongamano ya setibuku, yaani vile vitabu vya fasihi vinavyotahiniwa kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari hapa Kenya. Mnajua vile huwa, mabasi yanatoka shule tano sita yanakutana shule moja kubwa, mamia ya watoto wa Fomu Foo wanabanana ukumbini, mwandishi anapewa maikrofoni halafu swali la kwanza ni "mwalimu, ni dondoo gani inaweza kuja?" na la pili ni sifa za mhusika fulani, na hivyo hivyo mpaka saa ya chakula. Timothy Arege aliyeandika Bembea ya Maisha ni mhadhiri, Clara Momanyi wa Nguu za Jadi amefundisha chuo kikuu, hawa ni watu wanaoweza kumwonyesha mtoto vile tamthilia ama riwaya inajengwa tangu ukurasa wa kwanza, na sisi tunawauliza mambo ya "eleza muktadha wa dondoo hili, alama 4" ambayo mwalimu yeyote wa hapo shuleni anaweza kujibu. Karatasi ya tatu ya Kiswahili, ile ya fasihi, ina alama 80, najua, hakuna mwalimu wa kuichezea. Lakini karatasi ya kwanza, ile ya insha, ina insha mbili, alama 20 kila moja, na huko ndiko mtoto anaambiwa atunge kisa cha kuthibitisha methali, yaani anaambiwa akae chini awe mwandishi, na huko hatujawahi kumwalika mwandishi hata mmoja!

Matokeo tunayaona tukisahihisha. Insha za darasa zima zinaanza na majogoo kuwika na jua kuchomoza na mhusika kuamka akiwa buheri wa afya, kwa sababu hivyo ndivyo tulivyowakaririsha.

Sasa kuna shule moja ya kutwa huku magharibi alikuja mwandishi wa hadithi fupi, naye ni mwalimu wa sekondari kama sisi, akasema hataki ukumbi anataka madaftari. Nilimwona amekaa dawati moja na msichana wa Fomu Tuu anasoma insha yake kimya kimya, akafika aya ya tatu pale mama mtu ametoka sokoni kuuza omena anahesabu pesa juu ya leso, anazigawa mafungu, hili la deni la duka, hili la unga, hili la nauli ya kesho, na fungu la karo lina sarafu mbili tu. Mwandishi akarudi juu akapiga mstari aya mbili za kwanza zote, majogoo na jua vikaenda, akamwambia "hadithi yako inaanzia hapa mama, kwa hiyo leso." Kisha akamuuliza mama alisema nini alipomaliza kuhesabu. Msichana akasema hakusema kitu, alizifunga tu akaingia jikoni. "Basi andika hivyo." Wikendi hiyo yule mtoto aliandika upya kisa chote na hakuna mtu alikuwa amempa kama kazi ya ziada.

Mimi ningeona makosa ya hijai tu, yaani tahajia. Walimu wengi tungeona hijai, ndivyo tulivyofunzwa kusahihisha, na mwandishi ambaye hajawahi kufundisha pengine angemsifu tu mtoto na kuondoka, hajui kumwelekeza mtu wa miaka 15 kitu cha kufanya kesho asubuhi. Ndio maana nang'ang'ania hawa walio na kazi zote mbili.

Na si jambo geni. Ngugi mwenyewe alisimulia kwamba alipokuwa Makerere alikutana na Jonathan Kariara, mwanafunzi aliyemtangulia aliyehusika na Penpoint, jarida la idara ya Kiingereza, akamwambia ameandika hadithi, kumbe hajaandika, ikabidi aende aiandike sasa kwa sababu kuna mtu anaisubiri. Kariara hakuwa hata mwalimu wake. Lakini alikuwa pale pale chuoni, unaweza kukutana naye njiani. Watoto wetu wanamjua mwandishi kama jina kwenye jalada tu, na wengi wanadhani wote walishakufa.

Kuna aliyesema hapa kwamba watoto watamuiga huyo mwandishi mpaka wapoteze sauti yao. Sasa hivi wanaiga miongozo, vile vijitabu vya kuchambua setibuku, jamani! Afadhali waige mtu aliye hai anayeweza kuwaambia acha, hiyo ni yangu, tafuta yako.

La pesa nalichukulia kwa uzito kwa sababu shule za kutwa ndizo zinaachwa nje ya hayo makongamano, nauli ya basi peke yake ni shida. Lakini angalieni ofisi zenu za walimu kwanza. Wako wenzetu wenye hadithi kwenye diwani zilizochapishwa na wakuu wa shule hawajui. Mwalimu wangu aende kwenu, wako aje kwetu, chama cha Kiswahili kichague watoto kumi wenye hamu, madaftari yapelekwe wiki moja kabla ili ayasome kweli, na muhula ukikaribia kwisha arudi aone walichorekebisha, maana ziara moja ya picha na vyeti haitoshi. Na alipwe, hata kama ni kidogo, kusoma insha kumi kwa makini ni kazi.

Mnaosema mwandishi abaki nyumbani, nataka mnijibu hili moja: kwenye shule yako, mtoto akiandika kitu ambacho hakijaulizwa na mtihani wowote, anampelekea nani?