Wakuu, Niners tumefungwa na marefa au tumefungwa na kiwiko cha Purdy?

Chalii_wa_Sakina (Jumatatu 30/1/2023, saa 3:12 asubuhi)

Wakuu habari za asubuhi. Najua humu tunaofuatilia huu mpira wa Wamarekani wa kushika na mikono hatujai hata daladala moja hapa Arusha ila tupo, na leo nina hasira. Sijalala kabisa, mechi ya kwanza imeanza saa tano usiku, ya pili saa nane na nusu, linki inakatika kila baada ya dakika kumi, bando limeisha nimekopa lingine, na mwisho wa yote timu yangu San Francisco, yani Niners, imekula 31-7 kwa Eagles kule Philadelphia.

Hoja yangu ni moja, tumeonewa. Eagles mpira wao wa kwanza kabisa, daun ya nne, yani jaribio lao la mwisho, wanahitaji yadi 3, mrushaji wao Hurts anautupa mbele kwa DeVonta Smith, jamaa anajirusha anadaka kwa mkono mmoja, yadi 29, refa anasema safi. Sa hivi angalieni riplei ya pembeni, mpira umegonga chini na umecheza mkononi, hiyo sio kudaka! Muda si mrefu Miles Sanders anaingia nao, 7-0. Halafu sisi tunaanza kushambulia, kwotabeki wetu Purdy anavuta mkono arushe, Haason Reddick anatokea pembeni anaupiga mkono. Mpira ukaruka juu ukaanguka kama mwanasesere. Marefa wakasema pasi haijadakwa, tukashukuru Mungu, baadae wakageuza wakasema fambo, yani mpira umemtoka mkononi, mpira wa Eagles. Na kiwiko cha kijana ndo kimeondoka hapo.

Akaingia kwotabeki wa akiba Josh Johnson, mzee wa miaka 36, naye robo ya tatu akagongwa akaambiwa kichwa hakiko sawa atoke. Purdy akarudishwa na mkono ambao hauwezi kurusha. Yani nusu fainali ya ligi kubwa kuliko zote kwa hela inachezwa na timu isiyo na mrushaji. Sasa niambieni, hapo mechi imeamuliwa na nani? Naomba kuwasilisha.

Bibi_wa_Ngarenaro (saa 3:40)

Pole mwanangu ila mimi nimeingia kwa kichwa cha habari nikadhani Simba na Yanga. Kwotabeki ndo nani huyo mpaka akiumia timu nzima inalia?

Mangi_Kiborloni (saa 3:58)

Shikamoo bibi. Kwotabeki ndo anayepewa mpira mwanzo wa karibu kila shambulizi, ndo anaamua aurushe kwa nani au ampe mtu akimbie nao. Wanaruhusiwa majaribio manne, ndo hizo daun, kusogea yadi 10, wakishindwa wanampa mpinzani. Huyo akiwa hawezi kurusha, mabeki wote wanakuja kumkaba mkimbiaji, wanajua hamna kitu kitapita juu. Ndo kilichomkuta mkimbiaji wao McCaffrey jana, alifunga ile ya yadi 23 ikawa 7-7 kwa nguvu zake mwenyewe, ila baadae walimjazana.

Sasa wewe chalii wa Sakina, nakuheshimu ila usitudanganye hapa. Kocha wako Shanahan ana kitambaa chekundu mfukoni, kazi yake ni nini? Ukiona refa amekosea unakirusha uwanjani kabla mpira mwingine haujaanza, wanaenda kuangalia riplei. Smith mwenyewe alipoinuka pale chini alianza kuwapungia wenzake mkono waje haraka wapange mstari, na mdakaji akianza kuharakisha hivyo hata mtoto wa shule anajua anaficha kitu. Shanahan akabaki na kitambaa chake. Baada ya mechi kasema picha waliyoonyeshwa haikuwa wazi. Haya.

Ile ya Purdy je? Refa alisema pasi haijadakwa, yani uamuzi ulikuwa WA KWENU, Sirianni wa Eagles akarusha kitambaa chake, wakaangalia, mkono ulikuwa haujaanza kwenda mbele, fambo, mpira wa Eagles. Kocha mmoja alirusha, mwingine hakurusha, robo moja hiyo hiyo. Mnamlilia refa wa nini?

Chalii_wa_Sakina (saa 4:05)

Mangi wewe ni Eagles toka lini? Na kwanini mdakaji ndo atufiche, refa yupo mita tatu pale anaangalia nini, alipwe ya nini

Mangi_Kiborloni (saa 4:21)

Mi sio Eagles, mi ni Packers, nilishatolewa zamani nimekaa kwa amani. Nakwambia kitu kimoja tu na urudie ile picha ya Reddick uangalie nani alikuwa anamzuia. Reddick ni mmoja wa wakimbiza kwotabeki hatari kabisa wa ligi msimu huu, watu wengine wanamwekea mtu mnene wa mstari, wengine wanamwekea wawili. Nyie mlimwekea Tyler Kroft. TAIT ENDI, mtu wa kudaka pasi anayesimama pembeni ya mstari. Peke yake! Kroft alipitwa kama mlango wa sokoni, mkono wa kijana ukapatikana mgongoni. Hiyo haina refa hiyo, hiyo imechorwa kwenye karatasi na kocha wako siku kadhaa kabla. Halafu kabla ya mapumziko Johnson anaangusha mpira alioletewa mikononi, Reddick huyo huyo anaudaka, Boston Scott anafunga, 21-7. Refa alimwangushia mpira Johnson?

Adhabu 11 mlipewa, nakubali zipo mbili tatu za kitoto. Ila Trent Williams kutolewa kwa kupigana robo ya mwisho, nayo refa?

Dereva_wa_Pori (saa 6:47 mchana)

Wakuu niko barabarani naelekea Karatu na wageni nimesimama Makuyuni kupata chai, nimecheka sana. Mimi ni Chiefs, sababu familia ya kwanza kuipeleka Ngorongoro ilitoka Kansas City na mzee wao alikuwa ananihubiria uwanja wao wa Arrowhead kuanzia getini mpaka kreta, simba wako pale yeye anaongelea kwotabeki wao Mahomes. Sasa Mahomes kacheza na kifundo cha mguu wa kulia kilichoumia siku nane tu zilizopita kwa Jaguars, katupa yadi 326, pasi mbili za kufunga, tumewafunga Bengals 23-20, tunaenda fainali Arizona. Nyie endeleeni na refa wenu.

Burrow_wa_Majengo (saa 6:55)

WEWE dereva unathubutu kuandika hapa????

Uzi ni wa Niners, mimi ni Bengals, ila mwizi kajileta mwenyewe. Robo ya nne, 20-20, daun ya tatu, Chiefs hawakufika mstari, tumewazuia, wanajiandaa kupiga teke watupe mpira, mara marefa wanakusanyika dakika nzima halafu wanasema rudieni. RUDIENI! Ati saa ilikuwa inakimbia wakati haikutakiwa. Nimeangalia mpira miaka na miaka sijawahi kuona mtu anapewa daun ya tatu mara mbili. Wakarudia, Mahomes akaangushwa chini, kitambaa cha njano cha adhabu kikatoka, beki wetu Eli Apple ameshika mtu. Daun ya kwanza mpya. Halafu kwotabeki wetu Burrow akaadhibiwa kwa kuutupa mpira mahali pasipo na mtu wakati mwenzake Perine alikuwa jirani. Halafu ya mwisho ndo ile.

Dereva_wa_Pori (saa 7:02)

Malizia sasa, lile shambulizi la daun ya kurudia liliishia wapi? Tulipiga teke tukawapa mpira. Pointi ngapi tulipata? SIFURI. Mnalia na sifuri.

Na refa mkuu Torbert ameeleza baada ya mechi kwa mwandishi. Pasi ya nyuma yake ilikuwa haijadakwa kwa hiyo saa ilitakiwa isimame, wakasogeza mpira mahali pake, saa ikaanza kimakosa, refa mmoja wa nyuma akaona akakimbia akipuliza wasianze, kelele za Arrowhead hamna aliyemsikia. Mpira ukachezwa. Alikuwa anasimamisha KABLA. Ulitaka wafanyeje?

Burrow_wa_Majengo (saa 7:09)

Ningetaka filimbi isikike mzee

Dada_Fizio (saa 9:30 alasiri)

Jamani samahani nimesoma wote nimetoka zamu sasa hivi. Mimi nafanya kazi ya fizio hapa Moshi, mpira wenyewe nimefundishwa na mume wangu kwa lazima, ila kwenye majeraha nina neno.

Kaka Dereva unaposema "kifundo kimeumia" watu wanadhani ni ile ya kuteguka ukishuka bodaboda vibaya, unaweka barafu unafunga bandeji basi. Ya Mahomes ni ya juu ya kifundo. Mifupa miwili ya mguu, ule mkubwa wa mbele na mwembamba wa pembeni, inafungwa pamoja na kano pale juu kidogo ya kifundo, sasa beki wa Jaguars alimwangukia mguu ukajipinda ukiwa umekanyaga, ile mifupa inataka kuachana. Mgonjwa wangu wa kawaida mwenye hiyo namwambia wiki kadhaa asikimbie, na kinachouma zaidi sio kwenda mbele, ni kugeuka na kusukuma kwa mguu huo. Angalieni mechi tena, alikuwa akirusha anadunda na mguu wa kushoto, na robo ya tatu mpira ulimtoka mkononi hata hajaguswa. Sisemi ni mguu, ila mwili ukificha maumivu sehemu moja nyingine inalipa.

Kwa hiyo ile ya mwisho ya Ossai, beki wa Bengals. Daun ya tatu zinatakiwa yadi 4, Mahomes anakimbia kwa mguu huo anapata 5, anatoka nje ya mstari kabisa, hatua zote mbili ziko nje, ndo Ossai anamsukuma. Kwangu hamna mjadala. Yadi 15, sekunde 8, Butker anapiga teke la yadi 45 zimebaki sekunde 3. Mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, refa asingeitoa ile angekuwa ametoa ruhusa watu waumizwe nje ya uwanja. Namhurumia kijana, alicheza vizuri mechi nzima, alikaa benchi analia na yeye goti linamuuma.

Burrow_wa_Majengo (saa 9:44)

Dada hapo umenifunga mdomo kwa Ossai. Ila daun ya kurudia siisamehi mpaka naingia kaburini.

Chalii_wa_Sakina (Jumanne 31/1/2023, saa 1:20 asubuhi)

Taarifa mbaya wakuu, vipimo vimetoka. Kano ya ndani ya kiwiko cha kulia cha Purdy imechanika. Dada Fizio tusaidie, ni kubwa?

Dada_Fizio (saa 1:55)

Ni kubwa kaka. Hiyo kano ndo inashika mkono wa chini usifunguke kuelekea nje pale unapovuta kurusha, warushaji wa besiboli ndo wateja wake wakubwa. Mkono ukiwa umevutwa nyuma halafu mtu akaupiga, hamna msuli wa kuzuia, kano ndo inabeba yote. Hata zile pasi fupi alizorusha akirudi, zile za yadi chache, ndo mwisho wa uwezo wake, na waliomrudisha walijua ila hawakuwa na mtu mwingine. Watakachoamua ni kama wanaishona na kuiimarisha au wanaweka mpya kabisa, na kati ya hizo mbili kuna tofauti ya miezi mingi.

Mangi_Kiborloni (saa 2:10)

Pole chalii, hapo sina utani. Mtu wa mwisho kabisa kuchaguliwa mwaka jana, namba 262, amechukua timu baada ya Lance kuvunjika mguu Septemba na Garoppolo kuumia Desemba, hajapoteza mechi aliyoanza mpaka juzi. Kwotabeki wanne msimu mmoja. Hiyo ni mikosi na inaruhusiwa kuitwa mikosi, ila uonevu ni kitu kingine.

Dereva_wa_Pori (Jumatatu 13/2/2023, saa 1:30 asubuhi)

MABINGWAAAA. Fainali tumewafunga Eagles 38-35. Mguu mmoja!!! Mje na vitambaa vyenu sasa

Burrow_wa_Majengo (saa 1:41)

Kitambaa cha kumshika mdakaji wenu Smith-Schuster zimebaki dakika mbili mechi iko 35-35, hicho hukioni?

Mangi_Kiborloni (saa 2:30)

Bradberry mwenyewe aliyemshika kasema kweli alivuta jezi, alitegemea marefa wataiachia. Beki wa Eagles kakubali mbele ya waandishi, wewe wa Majengo unamkatalia kwa niaba yake.

Chalii_wa_Sakina (Jumanne 23/5/2023, saa 4:00 asubuhi)

Nafufua uzi. Wenye timu wamekaa jana wamepitisha kanuni, kuanzia msimu ujao timu inaruhusiwa kuwa na kwotabeki wa tatu wa dharura siku ya mechi bila kuhesabiwa kwenye wale wachezaji wa siku hiyo. Anaingia wale wawili wakiumia au wakitolewa, sio kocha akiwachoka. Ilikuwepo zamani wakaiondoa 2011, sasa wameirudisha kwa ajili yetu, Mangi utasema nini? Ligi nzima imekubali kwamba ile mechi haikuwa mechi.

Mangi_Kiborloni (saa 4:18)

Nasema hongereni. Na soma ulichoandika mwenyewe, wamebadilisha kanuni ya wachezaji, hawajagusa ya marefa. Kiwiko kimeshinda uzi wako chalii, swali lako la kwenye kichwa cha habari limejibiwa.

Chalii_wa_Sakina (saa 4:20)

Smith hakudaka

Dada_Fizio (saa 4:35)

😂 Purdy alifanyiwa upasuaji Machi, waliishona na kuiimarisha hawakuweka mpya, hiyo ndo ile ya miezi michache. Septemba anaweza kuwepo asipoharakishwa.

Bibi_wa_Ngarenaro (saa 5:02)

Sasa hiyo Septemba mnaangalizia wapi, maana mjukuu wangu naye ameanza kunisumbua na bando