M35A2: pedali ya breki inazama na mafuta yanapungua bila kuvuja nje

Mkazi wa Texas aliuliza:

Habari za leo, ndugu zangu. Ninaishi Texas, na hivi karibuni nimenunua mnadani lori la zamani la jeshi la Marekani aina ya M35A2, lile la tani mbili na nusu lenye matairi kumi na injini inayokubali mafuta ya aina nyingi. Injini inawaka vizuri kuliko nilivyotarajia. Tatizo ni breki: nikikanyaga pedali na kuishikilia inazama taratibu hadi sakafuni, na mafuta ya breki yanapungua ingawa sioni tone chini ya gari wala unyevu kwenye magurudumu. Muuza vipuri mmoja amenishauri niongeze mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 na kuendelea na safari zangu. Je, nimfuate, na kama sivyo, nianze kukagua wapi?

Fundi wa Nakuru alijibu:

Ndugu yangu, usiongeze chochote kabla hujajua kilichomo ndani. Jeshi la Marekani lilihamia mafuta ya breki ya silikoni, yaani DOT 5, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa hiyo malori mengi ya aina hii yalitoka jeshini yakiwa nayo, lakini huwezi kujua mmiliki wa kati alijaza nini. Rangi nayo haitoshi kukuhakikishia, kwa sababu zambarau ya DOT 5 hupauka kadiri inavyozeeka. Vuta kiasi kidogo kwa bomba la sindano kutoka kwenye masta silinda, yaani pampu ya mafuta inayosukumwa na pedali, kitie katika chupa ya kioo yenye maji, utikise kisha uache itulie. Silikoni itajitenga na kuelea juu ya maji, ilhali DOT 3 na DOT 4 huchanganyika nayo. Jihadhari pia na DOT 5.1, ambayo licha ya namba yake ni ya ukoo wa DOT 4 na haipatani na silikoni.

Kuhusu mafuta yanayopotea bila kuonekana, mimi ningeshuku busta ya hewa iliyofungwa chini kwenye chesisi, yaani kifaa kinachotumia hewa ya matangi kuongeza nguvu ya breki, ambayo Wamarekani huiita Air-Pak. Sili zake zikichoka, mafuta hupenya upande wa hewa na hayadondoki popote. Toa hewa yote kwenye matangi, legeza bomba la hewa linaloingia kwenye busta, kisha uangalie kama ndani kuna mafuta ya breki. Likiwa kavu, hamia kwenye masta silinda, kwa kuwa mpira wake ukilika pedali huzama vivyo hivyo. Huenda vyote viwili vimekwisha. Kwa gari la umri huo nisingeshangaa.

Msomaji wa Tanga alijibu:

Naunga mkono, ila naona hatari haijaelezwa kwa uzito wake. Breki za M35A2 zina njia moja tu ya mafuta kwa magurudumu yote. Hewa ikiisha, bado utaweza kusimamisha lori kwa kukanyaga kwa nguvu nyingi, lakini mpira mmoja wa breki ukipasuka unapoteza breki za mbele na za nyuma kwa pamoja, na hewa iliyojaa tangini haitakusaidia. Kinachobaki ni breki ya mkono, inayokamata shafti inayotoka nyuma ya transifa (sanduku la gia linalogawa nguvu kwa ekseli za mbele na za nyuma) na wala si magurudumu yenyewe. Irekebishe kwanza kwa kuzungusha kifundo kilicho kichwani mwa mkono wake. Wapo wamiliki waliobadilisha mfumo mzima uwe wa njia mbili, na kwa anayetaka kuingia barabara kuu naona gharama hiyo ni ya haki.

Mkazi wa Texas aliandika:

Nashukuru sana. Bomba la hewa lina mafuta ya breki. Kwenye chupa, sehemu imeelea, sehemu imechanganyika na maji, na kati yake kuna utando kama ute.

Fundi wa Nakuru alijibu:

Basi aina mbili zimechanganywa, na hakuna njia ya mkato. Mwaga yote, safisha mabomba ya chuma kwa spiriti na uyakaushe kwa hewa. Badilisha mipira yote ya breki, silinda za magurudumu na masta silinda, na busta ipelekwe kufungwa sili mpya au ibadilishwe. Ndipo uchague aina moja ya mafuta na uandike jina lake kwa rangi karibu na masta silinda, ili fundi mwingine asirudie mchezo huo.

Unapofungua magurudumu kwa kazi hiyo, kumbuka kwamba nati za upande wa kushoto zina nyuzi za kinyume na hufunguka kwa kuzungushwa kulia. Wengi huongeza urefu wa bomba kwenye spana mpaka stadi (bolti ya gurudumu) inakatika, wakidhani ni kutu.

Msomaji wa Tanga alijibu:

Na kama utabadilisha tairi, toa kwanza kidude cha ndani ya valvu mpaka hewa yote iishe kabla ya kugusa pete ya rimu. Wakati wa kujaza upya, tairi liwe ndani ya kizimba cha chuma, nawe usimame mbali na mpira mrefu wa hewa, kwa sababu pete isiyokaa sawasawa hufyatuka kwa nguvu ya kuua.